Ugali Upo, Kitoweo Je?

Kila mwaka wakati wa bajeti, Wizara ya Kilimo huliarifu Bunge nchi imejitosheleza kwa chakula kwa kiwango gani. Miaka ya karibuni kiwango hicho Tanzania kimepita asilimia 120: tunavuna kuliko tunavyokula, na ziada inavuka mipaka kwenda Kenya, Kongo na Rwanda. Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa wa afya uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano, ukakuta asilimia 30 yao wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, kwa asilimia 57. Mikoa ya Njombe na Rukwa ikafuata, kila mmoja na karibu nusu ya watoto wake. Hiyo ndiyo mikoa ambako malori ya mahindi, viazi na maharage hutoka usiku kuja kulisha Dar es Salaam. Na katika utafiti huohuo, zaidi ya theluthi moja ya wanawake wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi.

Mtu anaweza kudhani kuna hesabu iliyokosewa hapo. Hakuna. Utoshelevu hupimwa zaidi kwa tani za mahindi, mpunga, mihogo, ndizi na jamaa zake, na kwa tani hizo hatuna deni. Lakini mtoto hajengwi kwa wanga peke yake. Hoja yangu ni hii: kinachoishinda familia ya kipato cha chini leo, mjini hasa, mara nyingi si kushiba. Kinachoishinda ni kile kinachokaa pembeni ya ugali. Bei ya unga ina watu wengi wa kuilinda, kuanzia ghala la taifa hadi jukwaa la kampeni. Bei ya kitoweo ni yatima.

Takwimu za umaskini zenyewe zimejengwa juu ya mtazamo huo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula Tanzania Bara kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kati ya 1,100 na 1,200 kwa siku. Waliokuwa chini ya mstari huo walikuwa asilimia 8 tu. Fedha hizo zilikadiriwa kutosha kumpatia mtu kilokalori 2,200 kwa siku kutokana na kikapu kinachofanana na kile ambacho watu wa hali ya chini tayari wanakula. Kwa maneno mengine, ukila kama maskini na ukashiba, hesabu inakutoa kwenye umaskini wa chakula.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mashirika wenza walianza mwaka 2020 kuuliza swali jingine: ingegharimu kiasi gani kununua mlo wenye nafaka, kunde, mboga, matunda, vyakula vya asili ya wanyama na mafuta kwa uwiano unaofaa, ukichagua vya bei ya chini kabisa katika kila kundi? Kwa kipimo hicho, ripoti yao ya 2025 inasema watu bilioni 2.6 duniani hawakuweza kumudu mlo huo mwaka 2024. Duniani kwa jumla idadi imekuwa ikishuka. Afrika imepanda, kutoka milioni 864 mwaka 2019 hadi kupita bilioni moja, na Watanzania walio wengi wamo humo. Kutoka asilimia 8 hadi walio wengi: huo ndio umbali kati ya kushiba na kula vizuri.

Umbali huo unaonekana hata bila ripoti. Tuchukue bei za kukadiria za Dar es Salaam: sembe shilingi 1,800 kwa kilo, sukari 3,000, mafuta ya kupikia 5,500 kwa lita, maharage 3,000, yai moja 350. Ukitaka kilokalori 1,000 kutoka kwenye sembe, utatoa kama shilingi 500. Kutoka kwenye mafuta au sukari, kati ya 650 na 800. Maharage yatakudai 900 hivi. Mayai yatakudai karibu 5,000. Mchicha usiuhesabu kabisa, maana utakula hadi uchoke na kilokalori mia hujazifikisha. Mama anayeongeza unga na sukari pale anapopunguza mboga anajua hesabu vizuri sana. Ananunua kilicho rahisi zaidi kwa kila saa ambayo watoto hawatalia njaa. Semina ya lishe inayomwambia ale makundi sita ya chakula haijamfundisha kitu ambacho hakijui; imemtajia vitu alivyokwisha kuviona gengeni na kuvipita.

Tumtazame kwa karibu. Ameachiwa hela ya matumizi shilingi 7,000, nyumbani wako watano. Unga kilo moja na nusu, 2,700. Kopo la mkaa, 1,000. Sukari robo, 750. Maandazi kumi ya asubuhi, 1,000. Mafuta ya kupima, 500. Nyanya na kitunguu, 500. Jumla 6,450. Imebaki 550, na hiyo ndiyo bajeti nzima ya madini ya chuma, vitamini A, zinki na protini kwa watu watano. Itanunua fungu la mchicha, au dagaa kidogo wa kukolezea mchuzi, si vyote viwili. Mayai matano, moja kwa kila mtu, yangetaka 1,750. Maziwa na matunda hata hayajaingia kwenye mazungumzo. Mumewe akirudi na pungufu ya elfu moja kesho, unga hautaguswa, mkaa hautaguswa. Kitakachopotea ni ile 550.

Kwa hiyo kila kitu kinapopanda bei, hata kisichoingia tumboni, kinakula kitoweo kwanza. Nauli ikipanda, dagaa wanapungua. Mwaka 2022 mafuta ya kupikia yalipopanda duniani kote, Tanzania iliumia kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, ilhali alizeti ya Singida na Dodoma haijatosha. Wachumi walipima athari kwenye mfumuko wa bei. Kwenye sufuria athari ilikuwa mboga za majani kuchemshwa tu, bila mafuta, na bila mafuta vitamini A iliyomo humo mwili huipata kwa shida. Watu wa pwani waliotia nazi kwenye mchicha, matembele na kisamvu tangu zamani walikuwa sahihi bila maabara. Nazi nayo siku hizi si ya kuchezea.

Kisha kuna suala la vipimo. Mwenye mshahara wa mwezi hununua dumu la mafuta la lita tano, gunia la mkaa, kilo kumi za mchele. Mwenye hela ya siku hununua kipimo, kopo na robo, na kila kijiko chake cha mafuta kimemgharimu zaidi. Ni rahisi kumlaumu mwenye duka, na wengi humlaumu. Mimi sioni hivyo. Yeye ndiye stoo ya watu wasio na stoo, na daftari lake la madeni ndilo benki pekee inayomwamini mtu kwa unga wa shilingi elfu moja. Tofauti ya bei ni malipo ya huduma hiyo. Tatizo liko kwenye kipato kinachoingia kwa siku na kukatika kwa siku: bodaboda akipeleka hesabu kwa tajiri wake, kilichobaki ndicho chakula cha leo, na hakuna kiasi kinachoweza kulala hadi kikafikia bei ya jumla. Tena hana jokofu. Genge la mtaani linamwokoa kwa namna yake: jioni mchicha ukianza kulegea, fungu linaongezwa au bei inashushwa, na wapo wanaopanga ratiba ya mapishi kwa saa hiyo.

Kati ya vyakula vyote vinavyoweza kuziba pengo hili, maharage ndiyo yenye nafasi kubwa. Kwa bei niliyotaja, gramu moja ya protini ya maharage ni kama shilingi 14. Ya yai inakaribia 60, na nyama ya ng'ombe yenye mfupa haiko mbali na hapo. Robo kilo ni 750 tu. Kwa nini basi hayapikwi kila siku katika kila nyumba ya uswahilini? Sababu iko jikoni. Maharage makavu, hasa yaliyokaa ghalani msimu mzima, yanaweza kutokota saa mbili na zaidi, na kopo moja la mkaa halifiki. Ukiongeza kopo la pili, maharage ya 750 yamekuwa ya 1,750. Ukiongeza na saa za mama ambaye naye ana biashara yake ya vitumbua, yamekuwa chakula cha Jumapili. Mchicha unaiva kwa dakika kumi, dagaa kwa dakika ishirini, na moto uliosonga ugali ndio huohuo unaomalizia.

Soko limeliona hilo kabla ya wapanga sera. Mitaani wapo wanaochemsha maharage kwenye sufuria kubwa na kuyauza kwa kikombe. Mnunuzi anaunga kwake kwa kitunguu na nyanya, basi. Nairobi biashara hiyo imekua zaidi: githeri, ndengu na maharagwe yaliyochemshwa huuzwa kando ya barabara jioni, jirani na sukuma wiki iliyokwisha kukatwakatwa. Anayeuza hapo anauza moto kwa rejareja. Ndiyo maana nausoma Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kama waraka wa lishe, ingawa umeandikwa zaidi kwa ajili ya misitu na mapafu. Mtungi wa gesi uliogawiwa bure ukiisha na kukosa hela ya kujazwa unabaki pambo. Jiko la umeme la presha linaloivisha maharage kwa chini ya saa moja, likikopeshwa na kulipwa kidogokidogo, lingebadilisha mapishi ya watu kuliko mabango elfu ya mlo kamili.

Kwa mantiki hiyohiyo, mama lishe anastahili heshima ambayo hajawahi kupewa na wenye mji. Sahani yake ya wali au ugali, maharage, mboga za majani na kipande cha tikiti ndiyo mlo wa makundi mengi ambao kibarua wa ujenzi anaumudu. Anaweza kuiuza kwa bei hiyo kwa sababu hununua kwa wingi kwenye masoko ya Tandale au Ilala, na mkaa wake unagawanywa kwa watu arobaini. Lakini historia yake na halmashauri ni ya kukimbizwa, sufuria kumwagwa, kisha kuruhusiwa, kisha kukimbizwa tena. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 vilimpa pumzi kwa muda. Bado hajapewa maji ya bomba, paa wala choo karibu na anapopikia. Aliyeshinda uwanja ni kibanda cha chipsi: viazi na mafuta, haraka, vinashibisha, na kijana ana uhakika wa kuvipata hadi usiku wa manane. Ile theluthi ya uzito uliozidi haitoki mbinguni.

Kuhusu unga wenyewe kuna ushauri unaotolewa kwa wepesi mno: acheni sembe, kuleni dona. Ni kweli kwamba kukoboa mahindi kunaondoa kiini na ganda, na pamoja navyo mafuta, madini na vitamini nyingi za B. Ni kweli pia kwamba wengi wanaikataa dona kwa kumbukumbu tu za shule ya bweni na jeshi. Lakini kiini hicho chenye mafuta ndicho kinachofanya dona ichache mapema, jambo zito kwa mwenye duka na kwa mteja. Lipo pia zito zaidi. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na wapatao 20 walifariki. Kukoboa hupunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mara nyingi hukaa kwenye sehemu za nje na kiini. Kumwambia mtu asiyejua mahindi yake yalikaushwa wapi ahamie dona ni kumhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine, kama ghala na ukaguzi havijatengenezwa kwanza.

Njia nyingine ni kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta, jambo ambalo Tanzania ilizindua kitaifa mwaka 2013. Kwenye viwanda vikubwa vya ngano ni rahisi. Mahindi yanasagwa kwenye mashine ndogo za mitaa na vijiji, ambako mwenye mashine anashindania shilingi ishirini na mwenzake wa jirani, na kirutubishi asichokiona mteja ni gharama tu. Vifaa vidogo vya kuchanganyia vimeanza kufungwa kwenye baadhi ya mashine hizo. Hilo nalisifu, kwa sababu halimtaki mlaji abadilishe chochote.

Na dagaa? Hapa napenda kukaa kidogo, maana ndiyo nyama ya maskini wa Afrika Mashariki, na analiwa mzima: kichwa, mifupa, matumbo, chuma na kalsiamu yote. Kijiko kimoja cha dagaa waliosagwa ndani ya uji wa mtoto ni msaada mkubwa kwa gharama ndogo. Lakini ukifika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, utakuta anayenunua magunia si mama wa uji. Kuna wafanyabiashara wa kupeleka Kongo na kwingineko, na wapo wa viwanda vya chakula cha kuku na samaki wa kufugwa, ambao hawajali kama dagaa walianikwa juu ya mchanga na kunyeshewa, kwa kuwa watasagwa. Aliye safi anapanda bei kwa soko la nje. Mchafu anakwenda kwa kuku. Wa katikati ndiye anayegombaniwa na wenye 550. Yai la kuku aliyelishwa dagaa huyo linarudi gengeni kwa 350. Kuku ameingilia kati na kuigeuza protini ya maskini kuwa ya mwenye nacho.

Hakuna haja ya kupiga marufuku. Marufuku tumezizoea kwenye mahindi, ambayo usafirishaji wake nje umefungwa na kufunguliwa mara kadhaa tangu 2008, na kila mara aliyelipa ni mkulima. Vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kutoka ardhini na mahali pa kukaushia wakati wa mvua vingepunguza wale wanaoharibika kabla ya kuuzwa, na hapo dagaa wa kuliwa na watu wangeongezeka bila mtu kuvuliwa leseni.

Bei, hata hivyo, haielezi kila kitu, na Iringa ndiyo ushahidi. Mkoa huu ulikuwa mfano duniani: mpango wa lishe ulioanza 1983 kwa msaada wa WHO na UNICEF ulipima watoto uzito kijiji kwa kijiji, kijiji kikikaa chini na kuuliza kwa nini huyu amepungua, na utapiamlo mkali ulishuka. Miongo minne baadaye mkoa uko mkiani kwa udumavu huku maharage na maziwa yakizalishwa humohumo. Chakula kipo, kinauzwa. Mavuno yanapotoka, karo na madeni vinasubiri mlangoni, na mahindi yanakwenda kwenye lumbesa, gunia lililofura ambalo sheria ya vipimo inalikataza na mnunuzi analidai. Nyanya za Ilula zinaoza kando ya barabara kuu wiki zinapojaa na kuadimika wiki zinazofuata. Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto amebaki na dada yake wa miaka saba na uji mweupe wa mahindi mara mbili kwa siku. Hapo kupungua kwa bei hakutamsaidia sana. Kitu adimu katika nyumba hiyo ni muda wa mama.

Serikali imesema inajua. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisainishwa mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ilikuwa hatua, kwa sababu sasa kuna kiasi cha kuulizia. Lakini shilingi elfu moja, kwa bei zile zile, haifikishi mayai matatu kwa mwaka mzima. Kenya nako fedha ilipotoka kwa kishindo ilikwenda kwenye unga: Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilishushwa kwa ruzuku kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100. Uchaguzi ukapita, ruzuku ikapita. Hakuna serikali iliyowahi kuyumba kwa sababu ya bei ya mchicha, na wanasiasa wanalijua hilo.

Mahali ambapo naona fedha kidogo ingefanya kazi kubwa ni shuleni. Mwongozo wa serikali ya Tanzania wa 2021 unataka wanafunzi wapate chakula, wazazi wachangie. Wanapochangia mahindi peke yake, watoto hunywa uji mweupe. Wanapochangia na maharage, wanakula makande, mlo ambao mtaalamu wa lishe asingeuongezea mengi zaidi ya mboga na tunda. Tofauti ya vyakula hivyo viwili inahesabika. Gramu 40 za maharage kwa mtoto, siku 190 za masomo, ni kilo 7.6: kwa bei ya rejareja, shilingi 22,800 kwa mwaka, na kwa bei ya jumla baada ya mavuno ni pungufu ya hapo. Sufuria la shule linapika kwa mamia, kwa hiyo hata kuni zinagawanyika. Mzazi mwenye hela ya siku hawezi kuitoa kwa mkupuo, na kamati ya shule inayomfukuzia mwanawe nyumbani kwa deni la debe inamwondoa mezani yuleyule aliyelengwa. Halmashauri inayonunua Juni na kutunza ghalani inaweza.